Ardhi ya kompyuta ambayo mvua haijainyeshea: jibu kwa msomaji wa Lindi

Msomaji wa Lindi ameandika: "Shikamoo mwalimu. Ninatengeneza filamu fupi ya katuni kuhusu binti anayeshuka na bibi yake kutoka Newala kwenda kuchota maji bondeni, zamani kabla ya mabomba. Nimechukua data za miinuko zenye nafasi ya mita 30 na kuziingiza kwenye Blender, programu ya kutengenezea katuni. Kwa mbali ukingo wa Makonde unapendeza, lakini kamera ikishuka hadi kimo cha yule binti, ardhi inakuwa laini kama ugali uliosawazishwa kwa mwiko. Nikiongeza noizi, inageuka vinundunundu visivyofanana na mahali popote ninapopajua. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuuchagua ukingo wa Newala, kwa maana ni mahali ambapo ardhi yenyewe inaonyesha waziwazi jinsi ilivyochongwa. Nimezitazama picha mbili ulizoambatanisha. Ile ya mbali haina kasoro ya kunisumbua. Ile ya karibu ina kasoro ambayo wengi wangesema ni upungufu wa vitu vidogovidogo, nami naomba tuiite kwa jina jingine: ni ardhi ambayo mvua haijawahi kuinyeshea. Noizi uliyoongeza, yaani namba za nasibu zinazopandisha na kushusha uso, imeleta vinundu, lakini vinundu hivyo havikuletwa na kitu chochote. Havijui mteremko unaelekea wapi, havijui maji yanapita wapi, wala havijui kama chini yake kuna mwamba au mchanga. Mtu aliyekulia huku kwetu huligundua hilo mara moja, hata kama hawezi kulieleza. Kwa hiyo jibu langu lote litazunguka jambo moja, kwamba kila umbo dogo unaloliongeza liwe na kisababishi chake, na kisababishi hicho ukisome kutoka kwenye umbo kubwa ambalo tayari unalo.

Kwanza uielewe data yako. Vipimo hivyo, kama ni vile vya SRTM, mradi wa kupima miinuko ya dunia, vilichukuliwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour katika safari ya siku 11 mwezi Februari 2000, na toleo la mita 30 kwa Afrika lilifunguliwa kwa umma mwaka 2014. Faili inayoifunika Newala ni S11E039, maana yake kona yake ya kusini-magharibi iko nyuzi 11 kusini na nyuzi 39 mashariki, na ndani yake kuna namba 3,601 kwa 3,601, kila namba ikiwa ni kimo cha mahali kwa mita kamili, bila desimali. Kutokana na hayo, umbo lenye upana wa chini ya mita 60 hivi halimo kabisa katika data, kwa sababu ili mgongo na bonde lake vionekane unahitaji angalau vipimo viwili. Tena, kwa kuwa vimo vimekatwa kwenye mita kamili, sehemu za juu za uwanda ambazo karibu ni tambarare zitatokea kama ngazi pana zenye kimo cha mita moja moja, na ngazi hizo usipoziondoa mapema zitakufuata katika kila hatua inayokuja. Na rada haikuona udongo peke yake: ilipokuta miti iliyosongamana, sehemu ya mawimbi ilirudi kutoka kwenye matawi. Ndiyo maana mikoko ya mlango wa Ruvuma huonekana katika data hizo kama nchi iliyoinuka mita kadhaa juu ya bahari, na ndiyo maana vichaka vizito vya Makonde vinaweza kukupa kilima ambacho hakipo.

Suluhisho la sehemu hii ni jepesi. Geuza vimo vyote viwe namba zenye desimali, sawazisha taratibu sehemu zenye mwinamo mdogo tu, kisha zijaze nafasi za katikati kwa njia inayopinda, wala si kwa mistari iliyonyooka, hadi ufikie nafasi ya mita 2 au nusu mita katika eneo ambalo kamera itapita. Na unapohifadhi ramani ya mwinuko, yaani ile picha ambayo weupe wa kila pikseli ndio kimo, tafadhali usitumie biti 8. Biti 8 zina viwango 256 pekee; mandhari inayopanda kutoka bahari hadi mita 900 ikigawanywa kwa 256, kila ngazi inakuwa na mita 3 na nusu, ambayo ni kimo cha kuta za nyumba. Biti 16 zina viwango 65,536, na ngazi inashuka hadi sentimita moja na kidogo. Nimeona kazi nyingi nzuri za vijana zikiharibikia hapo, na mhusika akadhani tatizo liko kwenye noizi.

Kabla ya kuongeza chochote, piga hesabu ya udogo unaouhitaji, kwa sababu kompyuta yako ina mipaka na muda wako pia una mipaka. Tuseme picha yako ina upana wa pikseli 1,920 na kamera inafunguka nyuzi 60. Kitu kilicho mita 10 mbele ya kamera, pikseli moja hufunika milimita 6 zake; kilicho mita 100 mbele, sentimita 6; kwa kilomita moja ni sentimita 60, na kwa kilomita 10 ni mita 6. Ukisimama pale Newala wanapopaita Shimo la Mungu na kutazama bonde la Ruvuma, kokoto lililo upande wa pili wa bonde haliwezi kuonekana hata ulitengeneze kwa ustadi wa namna gani. Kilomita moja ya mraba yenye kipimo kila sentimita 10 ina namba milioni 100, ambazo kwa biti 16 ni megabaiti 200, na mandhari yako ina kilomita nyingi za mraba. Kwa hiyo gawa kazi: nchi yote ibaki na mita 30 zake, ukanda wa mita 500 kwa kilomita 2 kandokando ya njia ya bibi upewe kipimo kila nusu mita, ambao ni namba milioni 4 tu, na zile mita chache zilizo mbele ya miguu ya wahusika ndizo zipate sentimita. Mipaka ya kanda hizi iyeyushwe polepole, kwa umbali wa makumi ya mita, ili jicho lisikute mshono.

Sasa tufike kwenye maji, na hapa naomba utulie nami, maana ndipo penye moyo wa kazi.

Mvua inayonyesha mahali popote pa mteremko huteremkia palipo chini zaidi, hujiunga na maji ya jirani, na kadiri yanavyojiunga ndivyo yanavyopata nguvu ya kuchimba. Kanuni ya zamani ya kuigiza jambo hili, iliyoandikwa na O'Callaghan na Mark mwaka 1984, ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuitekeleza kwa mkono kwenye karatasi ya miraba: kila mraba huwatazama majirani wake wanane na kumpa maji yake yule ambaye mteremko wa kumfikia ni mkali kuliko wa wengine wote. Ukimaliza, unahesabu kila mraba umepokea maji ya miraba mingapi iliyo juu yake. QGIS, ambayo ni programu ya bure, ina zana za kufanya hesabu hii, na matokeo yake ni ramani inayofanana na mishipa ya jani la mpapai. Namba iliyo katika kila mraba tuiite eneo la mkusanyiko.

Kina cha korongo kwa wastani hufuata vitu viwili: eneo la mkusanyiko na ukali wa mteremko. Kanuni ninayoitumia mimi ni kipeuo cha pili cha eneo, yaani mzizi wake wa mraba, mara mwinamo, mara kizidishi kidogo ninachokichagua kwa jicho. Chukua mahali panapopokea maji ya hekta moja, ambayo ni mita za mraba 10,000. Mzizi wake ni 100. Mwinamo ukiwa 0.3, yaani kushuka sentimita 30 kwa kila mita, na kizidishi kikiwa 0.01, kina kinakuwa sentimita 30. Shuka hadi mahali penye hekta 4, mwinamo ukiwa uleule, na kina kinakuwa sentimita 60. Unaona jinsi eneo lilivyoongezeka mara nne na korongo likazidi mara mbili tu. Uwiano huo ndio unaoufanya mteremko uonekane wa kweli, kwa sababu vijifereji vingi vyembamba vinaungana kuwa makorongo machache makubwa. Weka pia kizingiti: chini ya eneo fulani usichimbe kitu, ili sehemu ya juu kabisa ya mteremko ibaki bila mfereji, kama ilivyo mashambani.

Kuna mtego ambao karibu kila anayeanza huingia. Ukizijaza data za mita 30 mpaka nusu mita, uso unaopatikana ni laini mno, na maji juu yake hutiririka kwa mistari iliyo sambamba, imenyooka kama nywele zilizochanwa kwa kitana. Ukichimba hapo, utapata mteremko wenye michirizi ya bati la nyumba. Dawa ni kuweka noizi ndogo kabla ya kuhesabu maji, yenye kimo cha sentimita 20 au 30 na mapana ya mita 5 hadi 40, kisha kuyaziba mashimo yote yasiyo na pa kutokea, na ndipo uhesabu. Maji yatayumba, yatakutana, yatagawana matawi. Noizi hapa haionekani kwa macho katika picha ya mwisho. Kazi yake ni kuyayumbisha maji, na maji ndiyo yanayochonga. Kuukosa mpangilio huo, noizi kabla ya maji badala ya baada ya maji, ndilo kosa kubwa nililoliona katika kazi yako.

Udongo uliochimbwa lazima upelekwe mahali. Pale mwinamo unapolegea chini ya ukingo, maji hupunguza mwendo na kuutua mzigo wake, na mdomo wa kila korongo hupata kipepeo cha mchanga, yaani mchanga uliotanda kwa umbo kama la kipepeo cha kupepea moto, kinachofunguka kuelekea bondeni. Ukiyachimba makorongo na kuvisahau vipepeo hivyo, mtazamaji ataona mikato iliyopigwa kwa kisu. Zipo programu zinazoigiza matone, laki kadhaa ya matone, kila moja likizoa udongo linapokwenda kasi na kuuacha linapochoka, nazo huvitengeneza vipepeo hivi zenyewe. Mimi hupenda kuyachimba makorongo kwa hesabu ya eneo, kwa sababu najua ninachokipata, halafu namalizia kwa matone machache ili kulainisha kingo na kumwaga mchanga. Baada ya hapo kagua miteremko ya mchanga mkavu: mchanga uliolegea hauwezi kusimama kwa mwinamo unaozidi nyuzi 34 hivi, kwa hiyo popote unapozidi, uporomoshe ziada yake kwa jirani aliye chini mpaka utulie. Usiifanyie hivyo ardhi yote. Kuta za makorongo katika udongo mwekundu ulioshikana husimama karibu wima, na ukizilainisha kwa nyuzi 34 utakuwa umelifuta korongo ulilolihangaikia.

Noizi yenyewe sasa. Hiyo unayoitumia huenda ni ya Ken Perlin, aliyoichapisha mwaka 1985 na ambayo mwaka 1997 ilimpatia tuzo ya ufundi ya Academy ya filamu ya Marekani. Ni nasibu laini: namba zinazopanda na kushuka bila mpangilio unaotabirika, ila bila kuruka ghafla. Desturi ni kuipandanisha tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likiwa na upana nusu ya lililotangulia na kimo pia nusu. Kwa kuwa data yako inaishia kwenye mita 60, tabaka la kwanza la nyongeza lianzie hapo: mita 60, 30, 15, 7 na nusu, na kuendelea; tabaka la nane lina upana wa karibu nusu mita. Ukianza na mapana makubwa zaidi utakuwa unavivuruga vilima ambavyo data imekwisha kuvipima kwa usahihi. Na kimo cha tabaka la kwanza usikibahatishe. Pima jinsi data yenyewe inavyopanda na kushuka katika mapana ya mita 480, 240 na 120, uone uwiano unavyopungua, kisha uendeleze uwiano huohuo kwenda chini. Nchi yenyewe itakuwa imekutajia ukali wake.

Hata hivyo kuna mahali ambapo uwiano huo hukatika, na vitabu vingi vya michoro huliruka jambo hili. Wazo la kwamba ardhi hujirudia umbo lake katika kila ukubwa, ambalo Benoit Mandelbrot alilieneza tangu alipoandika mwaka 1967 juu ya urefu wa pwani ya Uingereza, ni kweli kwa kiasi tu. Juu ya makorongo, kwenye migongo ya vilima, maji bado hayajakusanyika vya kutosha kuchimba. Kinachotawala hapo ni matone yanayorusha chembe za udongo, mizizi, mchwa, na udongo kutambaa taratibu kuelekea chini. Mjiolojia wa Marekani Grove Karl Gilbert alieleza mwaka 1909 kwamba hiyo ndiyo sababu vilele vya vilima vya udongo huwa vya mviringo. Kazi zote hizo hulainisha. Kwa hiyo mgongo wa udongo wenye upana wa mita 20 katika uwanda wa Newala uwe laini kweli, na ukiujaza vinundu vya mita 3 umeuharibu. Ulaini si kosa kila mahali. Kosa ni ulaini uliotapakaa kote. Zidisha kimo cha noizi kwa mwinamo wa mahali: palipo tambarare kibaki robo, palipo na poromoko kiwe kamili. Musgrave, Kolb na Mace walipoonyesha mwaka 1989 ardhi za kompyuta zilizomomonyoka, Musgrave alikuwa tayari ameona kwamba mabonde yanahitaji kuwa laini kuliko vilele, nami nakuomba usiende na kimo pekee bali uwe na mwinamo na aina ya mwamba pia.

Kuhusu mwamba, usivichanganye vilima vyetu. Ukingo wa Makonde umejengwa na mashapo, mchanga uliogandamana kwa tabaka, na tabaka ngumu hutokeza kama kingo fupi zinazofuata kimo kilekile kwa umbali mrefu. Unaweza kuziigiza kwa kuugawa uso kwa kimo: kila baada ya mita kadhaa, kwa nafasi zisizolingana, ongeza ukali wa mwinamo kwa unene mdogo. Masasi ni habari nyingine kabisa. Vile vilima vya Masasi vinavyosimama peke yake katikati ya nchi tambarare ni vya naisi, mwamba wa kale sana, na mwamba huo hubambuka kwa maganda makubwa yaliyopinda kama ya kitunguu. Hapo uso mkubwa uwe mtupu na laini, nyufa ziwe chache, ndefu na zenye kupinda na kilima, na chini yake kuwe na mabamba yaliyoanguka. Ukimwaga noizi ya kawaida kwenye jabali la Masasi, litageuka kifusi.

Sasa tushuke hadi kimo cha binti yako. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa ya Januari nilichuchumaa nyuma ya nyumba, Mtwara, nikiwa na rula ya mwanafunzi. Chini ya upenu, maji ya bati yalikuwa yametoboa mstari wa vishimo, kila kimoja chini ya bonde moja la bati, vina vyake sentimita 2 au 3, na chini ya kila kishimo zimebaki kokoto tupu kwa sababu mchanga umerushwa. Hatua mbili kutoka hapo, kwenye udongo mtupu, kila kijiwe kilikuwa kimesimama juu ya kijiguzo chake cha udongo, chenye kimo cha sentimita moja, kwa sababu kijiwe kiliikinga ardhi iliyo chini yake huku matone yakiisaga ile inayokizunguka. Jani kavu la mkorosho lililokuwa limelala lilifanya vilevile, likaacha umbo la jani limeinuka. Mchanga mwepesi ulikuwa umekusanyika upande wa juu wa kila kijiti, na upande wa chini palikuwa na shimo dogo. Hakuna noizi inayoweza kukupa hayo, lakini kanuni ndogo zinaweza: tawanya vijiwe kwanza, kisha ushushe uso wote kwa sentimita moja isipokuwa chini ya vijiwe; na mahali penye kijiti kilichokingama na mteremko, ongeza udongo juu yake na upunguze chini yake. Ni hatua chache za hesabu, na picha ya karibu itakuwa na ushahidi wa mvua.

Katika kutawanya vitu, mawe yafuate mvuto. Yaliyodondoka kutoka kwenye ukingo hukaa chini yake, na makubwa husafiri mbali kuliko madogo, kwa hiyo mwisho wa mteremko ndio wenye mawe makubwa. Kwa idadi, kila ukubwa unapopungua nusu, yaongeze mara nne hivi. Lizike kila jiwe kwa theluthi moja ya kimo chake, na upande wake wa juu uache udongo urundikane. Jiwe lililowekwa juu ya ardhi kama kikombe juu ya meza ndilo linaloisaliti picha haraka kuliko kitu kingine chochote. Mifano sita au saba ya mawe inatosha ikizungushwa na kubadilishwa ukubwa.

Vichuguu vinataka mpango tofauti. Makundi ya mchwa hugombea chakula, kwa hiyo vichuguu vikubwa havikai vimebanana. Huachiana nafasi, ingawa si kwa mistari. Njia iliyoelezwa na Robert Bridson mwaka 2007 ya kutupa nukta kwa nasibu huku kila nukta ikikataa nyingine ndani ya umbali fulani inafaa kabisa hapa. Viepushe na makorongo na mahali panapotuama maji, na udongo wake uwe na rangi ya udongo wa chini, kwa kuwa mchwa ndio walioupandisha. Mikorosho kinyume chake: kama filamu yako inapita kando ya shamba, mikorosho iliyopandwa na watu hufuata mistari na nafasi ya mita kumi na kadhaa, na chini ya kila mkorosho kuna duara la majani makavu na udongo usio na vijifereji, kwa sababu matawi yameukinga.

Juu ya pwani nitasema machache, kwa kuwa hukuuliza. Ramani ya mwinuko ina kimo kimoja tu kwa kila mahali, hivyo haiwezi kuonyesha kitu kilichoning'inia. Mawe ya matumbawe ya Mikindani na Lindi yaliyoliwa na mawimbi kwa chini, mpaka sehemu ya juu ikatokeza kama kofia, yatengeneze kama vitu vya kujitegemea, uyapange juu ya ufuko.

Kuhusu lipi liwe umbo la kweli na lipi liwe udanganyifu wa mwanga, kanuni ni ya umbali. Njia ya James Blinn ya mwaka 1978, ya kuyumbisha mwelekeo wa uso bila kuusogeza ili mwanga uone vinundu, inatosha kwa vitu vya sentimita chache vilivyo mbali zaidi ya mita 10 hivi. Karibu zaidi, na hasa pale ardhi inapokutana na anga au na mguu wa mhusika, uso usogezwe kweli, kwa sababu ukingo wake utaonekana. Na unapokagua kazi, ondoa rangi zote, ufanye ardhi iwe ya kijivu, uweke jua nyuzi 15 tu juu ya upeo kama saa moja na ushee asubuhi. Jua la saa sita huficha kila kosa la umbo, na rangi nzuri huficha yaliyobaki.

Nimeiacha njia yenyewe mpaka mwisho kwa sababu ndiyo umbo dogo muhimu kuliko yote katika filamu yako, na katika picha uliyonitumia umeichora kama utepe wa rangi. Njia ni umbo lililochongwa, na waliolichonga ni watu. Tafuta mkondo wake kwa hesabu ya njia fupi, ile ya Edsger Dijkstra ya mwaka 1959, lakini gharama ya kila hatua isiwe umbali bali muda. Waldo Tobler alitoa mwaka 1993 kanuni ya mwendo wa mtu kwa mguu: kwenye tambarare karibu kilomita 5 kwa saa, kwenye mwinamo wa 0.3 kushuka kama kilomita 2 na nusu, na kuupanda mwinamo huohuo chini ya kilomita 2. Ipige hesabu kwa kupanda, si kwa kushuka, kwa sababu aliyeichagua njia ile ni mwanamke anayerudi na mtungi uliojaa kichwani; anayeshuka na mtungi mtupu hupita popote. Utaona njia inaanza yenyewe kupinda kushoto na kulia mahali ambapo ukingo ni mkali.

Ukishaipata, ichimbe sentimita 10 hadi 20 katikati, upana wa futi moja na nusu, kisha urudie hesabu ya maji, kwa maana njia ikishakuwa mfereji, mvua nayo huitumia. Kwenye pembe za kugeukia, maji hutoroka nje na kukata kijikorongo. Hapo watu huhamia pembeni, na njia huwa mbili kwa hatua kumi kabla ya kuungana tena. Mizizi inayokatiza ibaki juu kama vidaraja vidogo, iliyosuguliwa kwa nyayo, na kila mzizi uwe na ngazi ya udongo nyuma yake. Huko chini kwenye chemchemi ipanue njia hadi mita 4 au 5, iwe tope iliyokanyagwa, na ukingoni mwake ziwepo alama za vitako vya mitungi, miduara yenye kina cha sentimita moja au mbili, mingine imepandana, mingine imejaa maji. Hiyo usiitafutie kanuni. Ichore kwa mkono mmoja mmoja, kwa sababu ni michache na kamera yako itasimama hapo bibi akiuinua mtungi, kisha unitumie tena picha hiyo ikiwa ya kijivu, bila rangi.